Meno 21 kwa 31: kisa cha giaboksi iliyokubali kufungwa

Kabla ya yote

Kisa hiki kilitokea kwenye karakana yetu ya jua kali hapa Nakuru, na mikono iliyokosea ilikuwa yangu. Nimeondoa jina la mwenye gari, namba ya gari, mwaka wa tukio na maduka tuliyonunua vifaa. Aina ya gari nimeiacha, kwa sababu bila hiyo hesabu ya meno haitaeleweka. Ni Nissan 720, pikapu ya petroli inayosukumwa na magurudumu mawili tu, aina iliyotengenezwa kuanzia 1979 hadi 1986. Ukikutana na moja leo ikiwa barabarani, jua imepitia mikono ya mafundi wengi kabla yako.

Gari na mwenyewe

Mwenye gari ni mkulima wa viazi upande wa Mau Narok. Aliinunua pikapu ikiwa imelala uani kwa mtu miaka kadhaa, kuku wakitagia ndani ya kebini. Kwa mwaka mzima aliirudisha kidogo kidogo: bodi ikachomelewa, chesisi ikapakwa rangi, injini ikachongwa na kuwekwa pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.50. Kazi ya injini ilifanywa kwingine, ikafanywa vizuri. Kwetu ililetwa giaboksi na klachi.

Logbook ilisema injini iliyomo ni Z24, ya cc 2,389. Haikuwa ya kuzaliwa nayo. Mmiliki wa zamani alitoa Z20 ya cc 1,952, akaweka hiyo kubwa, na namba ikaandikishwa upya kihalali. Kila kitu kilikuwa kwenye karatasi. Ila karatasi haisemi ni flaiwili gani (gurudumu zito la nyuma ya injini) ilibaki, presha pleti gani (sahani inayobana klachi), wala giaboksi ilitoka gari lipi. Giaboksi haiandikwi kwenye logbook kabisa.

Mzee alikuwa na haraka. Viazi vilikuwa vinakaribia kuchimbwa, na alikuwa amechoka kukodi gari la watu. "Fundi, mimi sitaki raha," aliniambia, "nataka ipande na ishuke." Tulikubaliana siku sita.

Giaboksi mbili, nzima hakuna

Giaboksi iliyokuja na gari nitaiita ya kwanza. Tulipoifungua, shafti ya mbele, ile inayoingia kwenye klachi, ilikuwa imekwisha. Splaini, yaani mifereji inayoshika sahani ya klachi, zimelika hadi zina ncha kama msumeno, na pua yake ilikuwa ya buluu kwa joto, kwa sababu kiberingi kidogo cha kwenye flaiwili kilishika zamani na mtu akaendelea kuendesha. Ndani, kaunta ilikuwa nzuri. Kaunta ni ile shafti ya chini inayobeba gia zote za kusukuma. Meno yake yalikuwa safi, hata alama za kiwandani zilionekana.

Mzee akaniambia ana nyingine. Aliipata kwa bei ya vyuma chakavu kutoka pikapu iliyogongwa, naye alikuwa ameifurahia sana. Hiyo ndiyo ya pili. Shafti yake ya mbele ilikuwa kama mpya. Kaunta yake ilikuwa imevunjika meno mawili kwenye gia ya kwanza, na vipande vilikuwa vimelala chini kwenye oili kama mbegu kwenye boga.

Uamuzi ulionekana mwepesi: shafti ya mbele kutoka ya pili, kaunta kutoka ya kwanza, beringi na oili sili mpya, tufunge. Giaboksi zote mbili ni za familia moja, gia tano, kasha linafanana, mkia ni mrefu kwa zote mbili, hata propela shafti haikuhitaji kuguswa. Nissan huita familia hii FS5W71, na hiyo 71 ni milimita kati ya katikati ya shafti ya juu na katikati ya shafti ya chini. Kwa hiyo umbali ni ule ule kwenye makasha yote mawili. Nilijiambia: umbali ni mmoja, gia zitashikana.

Zilishikana. Hapo ndipo kosa lilipo, na nitalieleza baadaye.

Tulipokuwa tunafunga, mwanagenzi wangu alishika shafti ya mbele kwa vidole viwili, akaizungusha kidogo kulia na kushoto huku kaunta imetulia.

"Fundi, hii inacheza."

Niliangalia. Ilikuwa inacheza kweli, karibu milimita moja kwenye meno. Nikamjibu kwamba beringi bado hazijakaa, tukikaza na kutia oili itatulia. Nilimjibu nikiwa tayari nimeshika nati inayofuata.

Klachi iliyokataa kuachia

Siku ya tano tulipandisha. Siku ya sita tukapiga stati, injini ikaitika mara moja, mzee akapiga makofi. Nikakanyaga klachi hadi chini, nikaingiza rivasi. Ikasaga vibaya, kelele ya kuumiza meno. Gia ya kwanza iliingia kwa nguvu na gari likaruka mbele huku mguu wangu bado uko kwenye pedali.

Klachi haikuwa inaachia.

Siku tatu zilizofuata nazieleza kwa ufupi kwa sababu zinaniaibisha. Tulitoa hewa kwenye mfumo wa oili ya klachi mara tatu. Tukabadilisha masta ya chini, ile ya kwenye giaboksi. Tukabadilisha masta ya juu, ile ya kwenye pedali, ambayo haikuwa na kasoro yoyote na ambayo mzee aliilipia. Tukarefusha fimbo ya kusukuma uma, ule mkono unaosukuma beringi ya klachi. Kila tulichofanya kilibadilisha kidogo tu, na kidogo hicho kikatupa matumaini ya kuendelea kupotea.

Siku ya tisa nikashusha giaboksi, jambo nililopaswa kufanya siku ya saba.

Beringi ya klachi kwenye Nissan hizi hukaa juu ya kola, mkono wa chuma unaoteleza mbele na nyuma kwenye bomba la kifuniko cha mbele. Uma unasukuma kola, kola inasukuma beringi, beringi inakandamiza vidole vya presha pleti. Kola hizi hazina urefu mmoja. Presha pleti ndefu hutaka kola fupi, na presha pleti fupi hutaka kola ndefu, ili jumla yake iwe ile ile na uma ukae pembe yake sahihi. Ukikosea, uma unaanza safari yake ukiwa umeshalala nyuma, na pedali inaisha kabla vidole havijakandamizwa vya kutosha.

Kwenye benchi tulikuwa na kola mbili, moja kutoka kila giaboksi. Siku ya kufunga nilichagua iliyokuwa inang'aa zaidi. Sasa nilichukua kalipa nikazipima: tofauti yao ilikuwa milimita sita. Ile iliyong'aa ndiyo fupi. Ilikuja na giaboksi ya pili, ambayo kwenye gari lake la zamani ilifanya kazi na presha pleti ya aina nyingine. Kwetu, klachi kiti mpya ilikuwa ya inchi ile ile ya flaiwili iliyomo, na presha pleti yake ni fupi. Tulihitaji kola ndefu, ile chafu.

Milimita sita si kitu ukiitazama kwa macho. Lakini uma ni wenzo, na kinachopungua upande wa beringi hupungua zaidi upande wa masta ya chini. Fimbo yetu iliyorefushwa haikuwa na pa kufikia.

Tuliweka kola ndefu, beringi mpya, tukapandisha. Klachi ikaachia kwa nusu ya pedali, rivasi ikaingia kama kisu kwenye siagi. Masta mbili tulizobadilisha zilibaki humo. Ile ya juu nilimrudishia mzee pesa yake kwa M-Pesa jioni hiyo, ingawa alikataa mara ya kwanza.

Barabara ya Njoro

Kwa sababu klachi ilikuwa imetushika siku zote hizo, hakuna aliyewahi kuiendesha pikapu zaidi ya lango la karakana. Jaribio la kwanza la kweli lilikuwa kuelekea Njoro, asubuhi, bila mzigo.

Gia ya kwanza ililia. Ya pili ikalia zaidi. Ya tatu ilikuwa na sauti ya juu kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, na ukiachia mafuta sauti inageuka kuwa mtatarizo, tarara-tarara, halafu ukikanyaga inarudi kulia. Nikaingiza ya nne. Kimya. Ikawa kama gari lingine. Nikaingiza ya tano, ikalia tena.

Yeyote anayejua giaboksi ameshaelewa hapo. Kwenye giaboksi ya aina hii gia ya nne ni ya moja kwa moja: shafti ya mbele inafungwa na shafti ya nyuma, nguvu inapita juu bila kushuka kwenye kaunta. Kaunta inazunguka bure. Kwa gia nyingine zote nguvu inashuka kwenye kaunta kupitia jozi ya mbele kabisa, kisha inapanda tena. Kelele kwa gia zote isipokuwa ya nne maana yake tatizo liko kwenye jozi hiyo ya mbele, au kwenye beringi za kaunta. Hakuna pengine.

Kulikuwa na dalili nyingine. Gari likiwa limesimama, gia iko nyutro, mguu hauko kwenye klachi, giaboksi ilitatarika. Ukikanyaga klachi, kimya.

Nilisoma dalili sawasawa, nikachagua jibu lisilo sahihi. Nilisema ni beringi za kaunta, kwamba zile mpya tulizoweka ni za kiwango cha chini. Hilo linatokea, beringi za bei rahisi zimejaa sokoni. Tulishusha tena, tukafungua, tukaweka beringi za bei ya juu. Meno tuliyapangusa kwa kitambaa, tukayatazama, hayakuwa na kasoro. Tukafunga.

Kelele ilipungua kidogo. Au tulitaka ipungue.

Hapa mzee akanibana. Ilikuwa siku ya kumi na nne, vibarua wake walikuwa shambani, magunia yamejaa. Nikamwambia aende nayo lakini apakie nusu, asiteremke mlima kwa gia ya tatu bali ya pili, na arudi akishamaliza. Akaondoka.

Uamuzi huo ndio ninaoujutia kuliko kola. Ile barabara ya kutoka Mau Narok kuja Njoro inateremka, na pikapu kuukuu yenye mzigo inashikiliwa na injini zaidi kuliko breki. Jozi ya meno ikikatika pale, injini haishiki tena chochote. Sisi wa Nakuru tunajua kilichowahi kutokea Salgaa na Sachangwan kwa magari yaliyopoteza gia kwenye mteremko, nami nilimwachia mzee yule aende na giaboksi nisiyoielewa.

Alirudi baada ya siku nne, mzima. Alikuwa amefanya safari tano.

"Fundi, gari inafanya kazi," alisema, "lakini inalia kuliko ilivyokuwa. Bibi anasema anatusikia tukiwa bado mbali, anaweka chai."

Hesabu iliyochelewa

Tulimwaga oili, lita mbili hivi, kwenye beseni safi. Tukapitisha sumaku ya spika ya zamani humo. Ikatoka na ndevu za chuma, na kati yake vipande vyembamba vinavyong'aa, bapa, kama magamba ya omena. Beringi inayolika taratibu hutoa unga. Magamba haya yalitoka kwenye ncha za meno.

Mara hii sikutazama meno kwa macho tu. Nilimwambia mwanagenzi achukue chaki, aweke alama kwenye jino moja la kila gia, ahesabu kwa sauti. Shafti ya mbele: 21. Gia kubwa ya mbele ya kaunta: 31.

Kisha tukaenda kwenye rafu ya chuma chakavu, tukatoa wenzao. Shafti ya mbele iliyokufa, ya giaboksi ya kwanza: 22. Kaunta iliyovunjika, ya giaboksi ya pili: 32.

Giaboksi ya kwanza ilikuwa 22 kwa 31. Jumla 53. Giaboksi ya pili ilikuwa 21 kwa 32. Jumla 53. Sisi tuliunganisha 21 na 31. Jumla 52.

Kwa umbali wa milimita 71 na jumla ya meno 53, kila kitu kinakaa. Ukiondoa jino moja huku ukubwa wa meno ni ule ule, gia hizo mbili zinataka kukaribiana, katikati hadi katikati kama milimita 69.7. Kasha halisogei. Kwa hiyo zilikuwa mbali kwa milimita moja na theluthi hivi, zikishikana kwa ncha badala ya mbavu. Ndiyo ile "inacheza" ya mwanagenzi. Ndiyo kelele. Ndiyo magamba.

Kilichonikera zaidi ni hiki. Tungechanganya kinyume, 22 kwa 32, jumla ingekuwa 54, na kasha lisingefungika. Lingekataa pale pale kwenye benchi, tungejiuliza sababu siku ya nne. Mchanganyiko wetu ulikuwa ule mmoja unaokubali.

Hata uwiano wa gia haukutusaidia kushtuka. Gia zilizobaki ndani, ya kwanza yenye 14 na 33, ya pili 19 na 28, ya tatu 28 na 26, zilikuwa sawa kwenye giaboksi zote mbili. Kwa 22/31 gia ya kwanza huwa 3.321. Kwa 21/32 huwa 3.592. Mchanganyiko wetu ulitoa 3.48, katikati ya hizo mbili. Mzee hakuhisi gari likivuta tofauti, na hakuwa na sababu ya kuhisi.

Dawa ilikuwa kwenye rafu

Tulikuwa na njia tatu. Kununua shafti ya mbele ya meno 22. Kununua giaboksi nyingine nzima. Au ile niliyoiona nikiwa nimeshika kaunta iliyovunjika mkononi: gia yake kubwa ya mbele, ile ya meno 32, ilikuwa nzima. Iliyovunjika ni gia ya kwanza, mwisho mwingine wa shafti.

Kwenye kaunta hizi gia ya mbele haikuchongwa pamoja na shafti. Imesukumwa kwa presi, ikashikiliwa na kii ya nusu mwezi. Inatoka. Tulipeleka kaunta zote mbili kwa jirani mwenye presi ya kweli (sisi tuna jeki na fremu, haifai kazi hii), tukatoa gia ya 32 kwenye shafti iliyovunjika na ya 31 kwenye shafti nzima, tukahamisha. Kuna jambo la kuangalia hapo: gia ya kaunta na shafti ya mbele huwa zinaingia pamoja, meno yakiwa yameshashikana, kwa sababu hayana nafasi ya kupishana baada ya gia kukaa. Ukisukuma moja peke yake utagonga ya pili na kuharibu jino. Tuliweka kii mpya.

Faida nyingine ni kwamba ile 21 na ile 32 zilikuwa zimezeeka pamoja kwenye giaboksi moja. Mbavu zao zilijuana.

Lakini ile 21 ilikuwa imefanya safari tano za viazi ikisaga ncha na 31. Kila jino lilikuwa na mstari unaong'aa karibu na ncha, mwembamba kama uzi. Nilipitisha ukucha: haukukwama. Sehemu ya ubavu itakayobeba mzigo sasa ilikuwa safi. Nilimwita mzee aone, nikampa chaguo: tuifunge hivi na kuikagua baada ya kilomita elfu moja, au asubiri nitafute 21 nyingine kwa muda usiojulikana. Alipitisha ukucha wake mwenyewe. Akasema tuifunge.

Oili tulibishana kidogo. Alikuja na kopo la oili ya difu, GL-5, kwa sababu ilikuwa imebaki. Nilikataa. Pete za sinkro humo, zile zinazolinganisha kasi gia inapoingia, ni za shaba, na kemikali kali za GL-5 zilizowekwa kwa ajili ya difu si rafiki wa shaba. Tena huteleza mno kwa pete inayofanya kazi kwa kushika. Tulitia GL-4, kama giaboksi hizi zinavyotaka.

Tulirudi barabara ya Njoro. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ilikuwa na mlio mdogo sana ukiachia mafuta kutoka kasi ya juu, ukihitaji kufunga dirisha ili kuusikia. Ya tano, kimya. Nyutro bila klachi, kimya. Jumla, siku ishirini na mbili badala ya sita, giaboksi ikiwa imeshushwa mara tatu baada ya kupandishwa mara ya kwanza.

Nikiitazama sasa

Watu walipoisikia hadithi hii walitaka kulaumu vifaa vya mitumba. Sikubaliani. Gia na shafti zote zilizofanya kazi mwishoni ni za mtumba, na pesa zilipotea kwenye vipya tulivyonunua bila sababu, kama masta ya juu. Giaboksi ya bei ya chuma chakavu ndiyo iliyotutoa.

Kilichotuangusha ni swali tulilouliza. Nilikuwa nikiuliza: hii inaingia? Bolti zinaingia, splaini zinaingia, kola inateleza kwenye bomba, kasha linafunga. Jibu lilikuwa ndiyo kila mara. Swali lililofaa ni: hii ilikuwa inaishi na nani? Shafti ya mbele inaishi na gia ya mbele ya kaunta. Kola inaishi na presha pleti. Vitu hivyo viwili haviulizwi kimoja kimoja. Makosa yote mawili ya kisa hiki, la klachi na la meno, ni kosa moja lililovaa nguo mbili, nami nilipolishika la kwanza sikulitambua la pili. Siku ya tisa nilikuwa nimeshika kola mbili mkononi nikisema kwa sauti kwamba zinaenda kwa jozi, huku juu ya benchi hiyo hiyo iko giaboksi iliyochanganywa vivyo hivyo. Ningehesabu meno siku ile, nusu dakika, tungekuwa tumemaliza.

Kuhusu mwanagenzi. Alikuwa na ushahidi wa kweli, umepimwa kwa vidole, siku ya nne. Mimi nilikuwa na maelezo. Beringi ambayo haijakaa inaweza kufanya shafti iyumbe, hilo si uongo, ndiyo maana lilinipita kirahisi. Lakini mchezo wa beringi ni wa juu na chini. Yeye alikuwa anazungusha kulia na kushoto, na mchezo huo ni wa meno. Ningeuliza tu "inacheza vipi?" mkono wake ungenijibu.

Kilichofanya kazi ni jaribio la barabarani na kuisikiliza kila gia peke yake. Lile la gia ya nne kunyamaza lilitufungia sehemu mbili tu za kutafuta. Tatizo ni kwamba kati ya hizo mbili nilichagua inayonunuliwa dukani. Fundi akiwa na haraka hupenda ugonjwa ambao dawa yake inauzwa. Beringi inauzwa. Jozi isiyolingana haiuzwi dawa, inataka ukae chini uhesabu.

Tena kuna hili la mwenye gari kuondoka na kelele. Mafundi wengi nitakaowasimulia watasema mteja aling'ang'ania. Kweli aling'ang'ania. Lakini ushauri niliompa wa kushuka kwa gia ya pili ulionyesha kwamba mimi mwenyewe niliogopa ya tatu, na gia ya pili inapitia jozi ile ile. Ulikuwa ushauri wa kunituliza mimi.

Kwenye karakana sasa giaboksi ikifunguliwa, kabla kipande chochote hakijaoshwa, kaunta na shafti ya mbele hufungwa pamoja kwa waya, na hesabu ya meno huandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kasha. Kola hufungwa na presha pleti yake. Giaboksi mbili haziwekwi benchi moja. Hilo la mwisho ndilo gumu kulitimiza, benchi yenyewe ni moja.

Baada ya kilomita elfu

Mzee alirudi akiwa na kilomita elfu na mia mbili. Oili ilitoka nyeusi kidogo, sumaku ya spika ikatoka na unga mwembamba wa kijivu, magamba hayakuwepo. Mlio wa gia ya tatu upo, haukuongezeka. Spidomita inasoma chini kidogo ukilinganisha na simu, na tulipoangalia tukagundua kile kigia chake cha plastiki ni cha giaboksi ya pili, kiliingia pamoja na kila kitu kingine siku ile. Cha zamani kilikuwa bado kwenye kopo la maziwa chini ya benchi, pamoja na ile gia ya meno 31. Mwanagenzi alihesabu meno ya vyote viwili bila kuambiwa, kisha akakibadilisha huku mzee akisubiri chai ya kibanda cha jirani.